Barua ya wazi kwa wanaoutunza Mji Mkongwe: na waliokaa ndani yake waandikwe

Kwa mawaziri wenye dhamana ya mambo ya kale na ya elimu, kwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, kwa Taasisi ya Nyaraka na Kumbukumbu, na kwa Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana.

Waheshimiwa, assalaam alaykum.

Mimi ni mwalimu wa historia katika skuli moja ya sekondari hapa Mjini Unguja. Nimezaliwa Kikwajuni, na bibi yangu mzaa mama alikuwa Mngazija, yaani mtu wa asili ya visiwa vya Komoro. Nawaandikia hadharani kwa sababu ninaloliomba haliwezi kutekelezwa na ofisi moja peke yake, na kwa sababu linawahusu wananchi wengi ambao wamezoea kulinyamazia. Naomba historia ya makabila madogo ya mji huu ikusanywe, iandikwe kwa Kiswahili na isomeshwe, na kabla ya hayo yote naomba mtuondolee hofu inayotufunga midomo.

Hofu hiyo nimeiona kwa macho yangu. Niliwapa wanafunzi wa kidato cha tatu kazi niliyodhani ni nyepesi: nendeni mkaulize nani alikuwa akikaa katika nyumba mnayoishi kabla ya mwaka 1964. Wengi walirudi na daftari tupu. Wanaokaa Kiponda, Mkunazini na Sokomuhogo ndio walioleta machache kuliko wote, na hao ndio waliozungukwa na milango yenye majina na tarehe zilizochongwa. Kisha akaja mzazi mmoja, mama mstaarabu kabisa, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, hebu niambie, nani kakutuma?" Alidhani nimetumwa na wenye nyumba wa zamani, au na mtu anayetaka kuwatoa. Nilimwapia kwamba hakuna aliyenituma. Sikumlaumu. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilichukuliwa na Serikali baada ya Mapinduzi, zikagaiwa watu waliotoka shamba, Pemba na Ng'ambo, yaani mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe, na hadi leo wapo wanaoishi humo bila ya uhakika wa kesho. Katika hali hiyo, kumtaja Mhindi au Mwarabu aliyezijenga kunasikika kama kumwita aje azichukue.

Basi ombi langu la kwanza ndilo hili, na halina gharama. Semeni wazi, kwa kauli ya Serikali, kwamba kuisimulia nyumba si kuidai. Mambo ya hati na miliki yana sheria zake na mahakama zake, na mimi sijayaingia katika barua hii. Ninachotaka ni kwamba mtoto anayelala chini ya boriti zile ajue nani aliyezipandisha, na mama yake asiogope kumwambia.

Mji huu haukujengwa na watu wa aina moja, na kila mmoja wenu analijua hilo. Tangu zama za Sultani Sayyid Said, ushuru wa forodha ulikuwa ukikodishwa kwa wafanyabiashara wa Kihindi. Jairam Shivji, Mhindu wa jamii ya Bhatia kutoka Kutch huko India, aliushika kwa miaka mingi, na jumba la biashara yake lilikuwa na nguvu iliyofika hadi ndani ya kasri. Baadaye kazi hiyo ikamfikia Tharia Topan, Khoja wa Kiismaili, ndiye aliyeanza kulijenga mwaka 1887 lile jengo la pwani lenye roshani za nakshi tunaloliita Dispensari Kongwe. Alifariki mwaka 1891, jengo likamalizika mwaka 1894. Vijana wetu hupiga picha mbele yake siku za Sikukuu. Waulizeni aliyelijenga ni nani.

Lakini tukiishia kwa matajiri tutaipotosha historia. Mhindi wa Unguja anasimuliwa kama mtu wa bizari na pesa tu, na hali wengi wao walikuwa mafundi cherehani, mafundi viatu, mafundi bati, madobi, wauza maziwa na makarani wa mshahara mdogo. Walikuwepo Mabohora, Waismaili na Maithnaasheri, wote madhehebu ya Kishia, na Masunni wa kutoka Kutch, na Wahindu wa matabaka mbalimbali, na hawakuwa kitu kimoja. Waismaili na Maithnaasheri waligawanyika vikali mwishoni mwa karne ya 19, ndugu na ndugu wakaacha kuzikana. Wanaopita Matemni wakati wa Muharram wakasikia vilio vya Ashura wanajua kwamba jamii ile ipo bado, imepungua lakini ipo. Na waliokuwa wakisoma Kigujarati walikuwa na gazeti lao, Samachar, lililoanza kuchapishwa hapa hapa mwanzoni mwa karne ya 20. Mwanafunzi wangu gani anajua kwamba Unguja ilikuwa na gazeti la Kigujarati?

Magoa, Wakatoliki wa kutoka Goa huko India, nao walikuwa na mji wao ndani ya mji. Kanisa la Minara Miwili liliwakusanya Jumapili, bendi zao zilipiga mbele ya kasri la Sultani, na nyumba zao zilijaa makarani, wapishi, washoni na wapiga picha. Hapa kwa wapiga picha naomba nisimame kidogo, kwani hazina iliyopo mikononi mwao ni kubwa kuliko tunavyoithamini. A. C. Gomes alifungua studio yake Unguja katika karne ya 19. Kijana wa Kihindu, Ranchhod Oza, alifanya kazi kwa Gomes, kisha mwaka 1930 akafungua Capital Art Studio, ambayo wapitao njia ya Kenyatta wanaijua. Masultani walipigwa picha na mafundi hawa, lakini pia mabibi zetu wa Ng'ambo. Fungueni sanduku la picha katika nyumba yoyote ya Miembeni au Mlandege. Mtamkuta bibi kijana, kanga mpya, mkono juu ya bega la mumewe aliyekaa kitini, nyuma yao pazia lililochorwa nguzo na maua. Nyuma ya picha pana mhuri wa studio. Sura ya Mswahili wa Unguja wa miaka ya 1930 na 1940 tunayo leo kwa sababu Mgoa na Mhindu walisimama nyuma ya kamera. Sasa vioo na filamu hizo haviwezi joto na unyevu wa pwani yetu. Zipo zilizopotea, zipo zilizouzwa kwa wageni kadi kwa kadi. Taasisi ya Nyaraka pale Kilimani ina watu wanaojua kuhifadhi karatasi. Wapewe uwezo wa kwenda kwa wenye picha, kwa heshima na kwa makubaliano, wachukue nakala, na asili ibaki kwa mwenyewe.

Juu ya Waparsi sina mengi. Walikuwa kundi dogo sana, waumini wa dini ya Zoroaster, wazee wao walitoka Iran wakakaa Gujarat kwa karne nyingi kabla ya kufika huku. Mmoja wa watoto wao, Farrokh Bulsara, alizaliwa hapa tarehe 5 Septemba 1946, dunia ikamjua baadaye kwa jina la Freddie Mercury. Watalii huja Shangani kuitafuta nyumba, wakapiga picha, wakaondoka. Jamii iliyomzaa mtoto yule, ibada yake, mazishi yake, na sababu ya familia kuondoka mwaka 1964, ni mambo ambayo hatumsimulii mtalii wala mtoto wetu.

Kwa Wangazija nitakaa zaidi, na mtanisamehe, ni damu yangu. Uislamu wa Unguja kama tunavyousoma leo una alama ya vidole vyao. Sheikh Ahmed bin Sumait alizaliwa Ngazija katika ukoo wa Kihadhrami, akawa Kadhi hapa Unguja, na fatwa zake zilitafutwa pwani nzima mpaka alipofariki mwaka 1925. Mwaka huo huo alifariki rafiki yake, Sheikh Abdallah Bakathir, aliyetoka Lamu na ambaye madrasa yake ya Ukutani ilitoa masheikh kizazi baada ya kizazi. Sayyid Omar Abdallah, Mwinyi Baraka, aliyeongoza Muslim Academy, aliweza kukaa na mwanachuoni wa Oxford asubuhi na wazee wa twarika usiku, na wote wakaondoka wameridhika. Wangazija walikuwa walimu, makarani, makadhi, washoni wa kofia. Wanawake wao walitambulikana mtaani kwa shiromani, shuka yao ya kujitanda.

Waingereza hawakujua wawaweke wapi. Serikali ya kikoloni ilipanga watu kwa rangi, na kila fungu lilikuwa na skuli yake, mshahara wake na hata chakula chake. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia mgao wa chakula ulifuata kabila: Mwarabu na Mhindi alipata mchele, Mwafrika alipewa mahindi. Hebu fikirini, mama mmoja anakwenda dukani na kadi, na kabila lililoandikwa juu ya kadi ndilo linaloamua chungu kitapikwa nini. Katika hali hiyo watu walibadilisha makabila yao, na nani atawalaumu? Sensa ya 1924 ilikuwa na Waswahili wengi, ya 1931 wakawa wachache mno, hali ya kuwa hakuna tauni iliyowapitia. Walijiandika kwingine. Wanafunzi wangu wakilisikia hili hushangaa kuliko wakisikia tarehe za vita, kwa sababu wanagundua kwamba majina tunayogombania hadi leo yaliwahi kuandikwa na kufutwa kwa kalamu ya karani.

Kisha, katika miaka ya mwisho ya 1960, Wangazija wakatangaziwa kwamba si raia. Watu waliozaliwa hapa, waliozika wazazi wao hapa, wakaanza kutafuta karatasi za kuthibitisha kwamba ni watu wa hapa. Waliokuwa na kazi wengi walizipoteza. Katika ukoo wetu wapo waliovuka kwenda bara wasirudi, na bibi yangu hakupenda kulizungumza jambo hilo mbele ya watu. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Naandika haya nikijua kwamba yupo atakayesema nafukua makaburi. Nami nataka nisieleweke nusu. Sidai kwamba makabila haya yalikuwa ya malaika. Mashamba ya karafuu yalilimwa na watumwa kwa miongo mingi, na fedha ya kuyaendesha ilikopeshwa na mabwana wa Kihindi wa mji huu huu. Utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1897, lakini dharau haikufutwa kwa sheria. Watu wa Ng'ambo walipogoma kulipa kodi ya ardhi mwaka 1928, walikuwa na haki ya kuchoka. Wafanyabiashara wa Kihindi walipoususia ununuzi wa karafuu mwaka 1937 na 1938, waliitikisa nchi nzima, na aliyeumia kwanza hakuwa Sultani. Mapinduzi yalikuwa na sababu zake, na mimi nazisomesha.

Lakini nasomesha pia kwamba katika ghasia za Juni 1961 waliuawa watu 68, na wengi wao walikuwa Wamanga, Waarabu wa kutoka Omani, wenye vijiduka vya shamba waliokuwa hawana tofauti kubwa ya maisha na wateja wao. Nasomesha kwamba mwaka 1964 waliuawa watu wasiokuwa na hatia pamoja na waliokuwa nayo. Na kwamba mwaka 1970 mabinti wanne wa asili ya Kiajemi waliozwa kwa nguvu kwa wakubwa wa nchi, na mji mzima ulilia kwa siri. Wazee wanaokumbuka wapo, wanakaa barazani jioni pamoja na watoto wa waliokuwa upande wa pili, wanakunywa kahawa pamoja. Kama wao wanaweza kukaa baraza moja, kitabu cha skuli nacho kinaweza kuwaweka ukurasa mmoja.

Lipo kundi jingine linalosahauliwa hata na sisi tunaowatetea wachache, kwa sababu halikuacha majumba. Nasema watu wa Ng'ambo wenyewe: Wamanyema, Wanyasa, Wayao, Wazaramo, Wamakonde, walioletwa kwa minyororo au waliokuja kwa miguu yao kubeba mizigo na kutafuta kazi. Waliishi ng'ambo ya hori lililofukiwa ikawa barabara ya Darajani, katika nyumba za udongo na makuti, na nyingi zilivunjwa kupisha majumba ya Michenzani. Mamlaka ya Hifadhi inalinda mawe, na nyumba ya makuti haikubakisha jiwe. Historia yao imo katika ngoma za beni na lelemama, katika majina ya mitaa, na katika kumbukumbu za mabibi ambao hakuna aliyekwenda kuwarekodi. Na kule Mbweni, wamishonari wa Kiingereza waliwakusanya waliokombolewa kutoka majahazini, wakawajengea kanisa na skuli ya wasichana. Katika watumwa waliokombolewa na kusomeshwa na misheni ile ndimo alimotoka Cecil Majaliwa, aliyepewa upadri wa Kianglikana hapa Unguja mwaka 1890, Mwafrika wa mwanzo katika eneo letu kuufikia. Wakristo wa Unguja wenye asili hiyo huambiwa hadi leo "wageni". Wametuzidi wengi wetu kwa kukaa.

Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na hoja kubwa ilikuwa mchanganyiko huu wa Afrika, Uarabuni, India na Ulaya. Yaani tulipewa heshima ile kwa ajili ya watu hawa. Anayezunguka na mgeni mjini hulisimulia hilo kwa Kiingereza na Kiitaliano kila siku. Kwa Kiswahili mwananchi anasoma nini ukutani? Jina la hoteli, na bei ya safari ya kwenda Kisiwa cha Changuu.

Mwaka 2023 sote tulifurahi Kenya ilipowatambua rasmi Wapemba wa Kilifi na Kwale, watu wetu walioishi kule kwa vizazi bila ya vitambulisho, watoto wao wakifungiwa milango ya kazi na masomo. Tulisema Kenya imetenda haki. Walistahiki kutambuliwa kwa sababu waliishi pale, walivua pale, walizika pale. Mizani hiyo hiyo naiomba kwa Mngazija, Mgoa, Mbulushi, Mshihiri, Muajemi, Bohora na Mnyasa wa mji huu.

Wazee waliokuwa na akili timamu mwaka 1964 sasa wana miaka sabini na kitu na themanini na kitu. Chuo chetu cha Taifa kina wanafunzi wa Kiswahili na historia, na simu zao zina uwezo wa kurekodi. Wapelekwe majumbani, Mjini na Ng'ambo na Chake na Wete pia, na wanaoulizwa wawe na haki ya kusema lipi litolewe sasa na lipi lisubiri. Jamaa za Kihindi na makanisa zina madaftari ya ndoa, vizazi na maziko. Yanapokubaliwa, yanakiliwe yapelekwe Kilimani kabla mchwa hawajafika. Ubovu wa jengo hauna subira, tuliliona hilo tarehe 25 Disemba 2020 ilipoporomoka sehemu ya Beit al-Ajaib, lile jumba la zamani la Sultani, na roho zikapotea. Litakapofunguliwa tena kuwa makumbusho, patengwe chumba cha makabila ya mji, na watakaoamua kiwekwe nini wawe ni wenyewe.

Kwa Kamisheni ya Wakfu nina neno la makaburi. Jamii iliyohama au kupungua haina vijana wa kufyeka majani wala wa kusimama mtu akianza kumwaga mchanga na mawe ya msingi. Viwanja vimekuwa ghali, na maiti hawaendi mahakamani. Makaburi ya makundi haya, ya Waislamu na ya wasiokuwa Waislamu, yapimwe, yaandikwe katika daftari moja la wazi, na pasitolewe kibali chochote juu yake. Hili lisingoje bajeti ijayo.

Na kwa Wizara ya Elimu: mtupe walimu ruhusa ya maandishi. Waraka mmoja unaosema kwamba historia ya makabila ya Mjini, pamoja na yanayouma, ni sehemu halali ya somo, utatutosha kuanza. Nikiwa nao mkononi, mzazi mwengine akija kuniuliza nani kanituma, nitamwonesha.

Wenu katika kuijenga nchi,

Mwalimu wa historia,
Kikwajuni, Mjini Unguja